Mstari wa Zambarau

Songambele, Kyerwa
8 Machi 2015

Kwako Baba Elpidius,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa tunaamka salama. Mama yako mgongo bado unamsumbua lakini chakula anakula, na Elpidius kikohozi kimemwachia. Wewe je? Waliotoka huko Rugu wanasema kwenye hilo shamba la kahawa mnalala wengi chumba kimoja na maji ni ya kugombania. Niambie ukweli.

Simu uliyoniachia inafanya kazi. Niliichaji dukani, nikafungua yale mafunzo ya mnyauko wa migomba waliyowapa kwenye semina ya Ndama. Kweli hayataki mtandao wala bando. Nagusa maneno yenye mstari chini yake, ukurasa mwingine unafunguka, nagusa tena, mwingine. Nimefurahi, sikatai.

Ila nina swali. Huyu mwanamke ni nani? Ukurasa wa kwanza kabisa amesimama katikati ya migomba na kitenge cha kijani, meno yote nje, na wameandika Anatolia, mkulima wa Ndama. Nikimaliza somo la udongo, pale chini kuna neno Mwanzo; nikiligusa, namkuta yeye. Nikimaliza la mbolea, yeye. Kila njia ndani ya simu hii inanirudisha kwa Anatolia. Na Ndama ndiko ulikokaa wiki nzima ukarudi unaimba.

Mimi pia walinipiga picha, mwaka juzi, watu wa kilimo walipopita hapa. Walinisimamisha juani na panga mpaka kichwa kikauma. Picha yenyewe sijaiona hadi leo. Kumbe wanaowekwa ni wenye vitenge vipya.

Halafu siku ya kwanza nilipofungua, maneno ya kugusa yote yalikuwa ya bluu, ila mstari mmoja ulikuwa zambarau. Sasa kila nilipogusa na penyewe pamegeuka zambarau. Nilidhani ni uchafu wa kidole, nimefuta kioo kwa kanga, hautoki. Nimeiharibu?

Ningepiga, lakini mtandao uko kilima cha kigangoni tu, na pale kila mtu anasikiliza shauri la mwenzake. Barua hii anakuletea Gaspari wa lori la kahawa. Upande wa kisimani migomba imeanza kuwa na majani ya njano. Omba ruhusa uje.

Mkeo,
Mama Elpidius


Rugu, Karagwe
20 Machi 2015

Mke wangu Mama Elpidius,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimepokea barua, na moyo umetulia kusikia mama anakula. Mimi ni mzima, mikono tu imechubuka. Tunakula ugali na maharage, matoke nayaota. Kitanda cha pili chumbani analala Gosbert, kijana asiye na mke, mtu wa utani mwingi. Wengine hukoroma, yeye huongea.

Simu hujaiharibu. Hiyo si taka, ni alama. Pale ambapo mtu hajafungua, maneno yanabaki bluu. Akishafungua yanageuka zambarau, ili ajue ameshapita. Kwa hiyo ukiona zambarau, jua kuna aliyepita.

Anatolia ni mkulima tu, mama mtu mzima. Usimfikirie. Soma masomo yote, uyafuate. Ruhusa msimamizi hatoi kabla mavuno hayajaisha.

Mumeo,
Baba Elpidius


Songambele
29 Machi 2015

Baba Elpidius,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Afya yako siiulizi, naona unayo ya kutosha.

Ahsante kwa kunielimisha. Sasa nisikilize. Kabla kidole changu hakijagusa kitu, mstari wa zambarau ulikuwa mmoja, na ninaukumbuka vizuri: Somo la tano, Anatolia anakuonyesha kukata ua la mgomba. Masomo yote yale, udongo hukuugusa, mbolea hukuigusa. Ulikwenda kwa Anatolia, ukatoka. Na ulikwenda mara ngapi simu haisemi, na hapo ndipo panaponiuma.

Mtu mzima wapi? Mtu mzima ana meno kama yale?

Nina wivu, ndiyo. Wapo wanawake wanaosema hawana, mimi ninao, na naandika kwa mkono wangu. Mama yako namkanda mgongo mimi. Kibanja cha baba yako, na migomba yake yote, nakilima mimi. Halafu wewe ulikuwa unambeba mwenzangu mfukoni, hata pasipo mtandao anaonekana.

Somo la tano silifungui. Mama yako ananibembeleza nilifungue, kwa sababu upande wa kisimani ndizi zinaiva zingali changa na shina ukilikata linatoa usaha wa njano. Nimemwambia nitakata kwa panga langu kama siku zote. Yule hatanifundisha kazi ndani ya kibanja changu.

Auleria


Rugu
12 Aprili 2015

Mama Elpidius,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima kiasi. Nilipokuwa naisoma barua yako Gosbert alinitazama akauliza nani amekufa. Na umetia sahihi Auleria, kama unaandikia serikali. Imeniuma.

Panga hilo liache. Ugonjwa unatembea na panga, ukikata mgomba mgonjwa kisha mzima, umeiambukiza yote. Baba yangu alipofika hapo kutoka Burundi hakuwa na kitu. Kibanja hicho ndicho kilichofanya majirani waache kumwita mgeni. Kikiisha, mimi nitarudi wapi?

Ni kweli nilifungua somo la tano, na si mara moja. Sikufungua mengine kwa kuwa nilishayasikia kwenye semina. Sasa nakuomba jambo moja. Lifungue. Ukimwona Anatolia usifunge. Sukuma kwa kidole, ushuke, ushuke, mpaka ukurasa ugome. Nilitaka ufike huko mwenyewe, ndiyo maana sikusema.

Mumeo,
Baba Elpidius


Songambele
7 Juni 2015

Baba Elpidius wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Unaendeleaje na mikono? Mama yako anakusalimu, na Elpidius anauliza kama Rugu kuna twiga.

Nisamehe kwa kimya. Barua yako niliilaza chini ya godoro kwa hasira mpaka mgomba wa karibu na mlango nao ukalegea majani. Mama yako alitoa kiti akaketi kuutazama, basi. Nikaona aibu, nikachukua simu.

Nikamwona Anatolia. Nikashusha. Nikampita na kijiti chake chenye panda cha kukatia ua, nikapita pale wanapochoma panga motoni, nikapita wanapong'oa mgomba mgonjwa. Nikashusha mpaka ukagoma. Chini kabisa nimesimama mimi. Panga mkononi, sura imekunjamana kwa jua, nimevaa lile gauni la bluu. Wameandika: Mkulima wa Songambele kibanjani kwake. Jina hawakuweka, lakini Elpidius alisema mama kabla sijapumua.

Kumbe ulikuwa unashuka huko. Mtu mzima nimelia kama mtoto, na mama yako naye akalia, ingawa nadhani yeye alikuwa analilia migomba.

Upande wa kisimani tumeung'oa wote. Huo umekwenda, na kosa ni langu. Uliobaki umesimama. Panga nachoma, ua nalivunja kwa kijiti kama alivyoonyesha yule. Anafundisha vizuri, nasema ukweli. Kitenge chake bado sikipendi.

Picha nimeionyesha kigangoni baada ya misa. Wanawake wote wanataka mafunzo, namrushia kila mwenye simu ya kupangusa. Hata Gaspari amechukua, anasema atawapelekea na nyinyi huko Rugu mjifunze. Kwa hiyo usijisumbue na ruhusa. Maliza mavuno kwa raha zako, hapa tunaweza.

Mkeo,
Mama Elpidius


Rugu
21 Juni 2015

Mke wangu Mama Elpidius,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itanitangulia, ingawa sina hakika.

Pole kwa upande wa kisimani, tutapanda upya. Mafunzo Gaspari ameyafikisha, chumba kizima wameyaweka kwenye simu zao. Mimi na kitochi changu cha kupigia tu sina pa kuyaonea, kwa hiyo leo nikaazima simu ya Gosbert nikutazame kidogo.

Udongo, bluu. Mbolea, bluu. Masomo yote bluu kama siku yalipoingia. Somo la tano, zambarau. Nikaligusa, na halikuanzia juu kwa Anatolia. Lilifunguka pale pale chini alipoliacha.

Nilimwambia huyu ni mke wangu. Akasema hakujua, hawakuandika jina. Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini kwenye somo hilo. Akasema anajifunza kukata ua la mgomba.

Nimemwomba msimamizi ruhusa, amekataa. Nakuja hivyo hivyo, Gaspari akipakia tu napanda. Lile gauni la bluu likunje uliweke.

Mama Elpidius, Gosbert hana mgomba hata mmoja.

Mumeo,
Baba Elpidius