Kikombe Kimoja cha Methanoli

Kaka yangu Wanjala,

Tulipoongea mara ya mwisho nilikuwa nikilia, nawe ukabaki ukiuliza, "Sasa ni gari ama ni Mjomba? Ni nani ameharibika?" Sikuweza kukujibu. Kwenye karatasi naweza kusimama, nifute, nianze tena. Barua hii nimeiacha wazi wengine waisome, kwa sababu naamini kuna nyumba nyingine zenye jerikeni kama ile yetu. Lakini wewe ndiye ninayezungumza naye, na sina hakika kwamba nikifika mwisho nitakuwa nimeelewa lolote.

Unakumbuka siku tulipoenda Bungoma kutafuta pampu ya gari lako? Nilikuwa nimeajiriwa juzi tu kuwa karani kwenye ghala la mahindi hapa Kitale, ukasema safari ile ni ya kunipongeza. Pongezi gani za kumsimamisha msichana kwenye duka la vipuri tangu asubuhi! Yule mzee wa Kisingasinga mwenye duka alikusikiliza ukimwonyesha kwa mikono: tangi dogo huku nyuma, pampu hapa, na nozeli ya kunyunyiza methanoli kwenye hewa inayoingia injini. Alikutazama juu ya miwani yake. "Kijana, unakimbilia wapi hivyo? Webuye haihami." Ulicheka mpaka ukashika kaunta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasoma maandishi kwenye galoni ya methanoli aliyotuletea: yenye sumu, hushika moto, hupofusha. Nilikuvuta shati. Ukasema, "Sista, si tunaipea gari? Hatuipikii chai."

Kule gereji ya Kibomet, ulikokuwa fundi, ulifanya kazi mwisho wa wiki nzima, mimi nikikushikia tochi chini ya boneti. Ulinieleza kwa uvumilivu, jambo ambalo hukumfanyia mteja yeyote. Turbo inasukuma hewa nyingi, ulisema, na hewa ikibanwa hupata moto. Moto ukizidi, petroli hulipuka kabla ya wakati wake, na injini inagonga kama kuna mtu ndani mwenye nyundo. Methanoli inaipoza ile hewa. "Ni kama kummwagia mkimbiaji maji kichwani." Nikakuuliza, na maji yakiisha? "Hapo usikanyage. Endesha kama mama wa kanisa." Ukatazama uso wangu, ukaongeza, "Yaani endesha tu vile wewe huendesha."

Kisha ukapata kazi huko Ughaibuni. Uliniachia funguo, na methanoli ndani ya jerikeni ya njano iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, maana galoni ya dukani ilikuwa imepasuka shingo. Ukaniagiza nisifunge safari ndefu bila kuibeba. Nilikuuliza kwa nini hatuandiki kitu juu yake. Ulisema, "Ukiandika sumu, mwenye nyumba wako pale Matisi atakufukuza. Ukiandika ni ya gari, wataiba." Jibu hilo lilinitosha. Hata sasa najiuliza, mimi ninayeandika alama juu ya kila gunia linaloingia ghalani, lilinitoshaje?

Sasa nikueleze ya Naitiri, kwa Mjomba, maana nasikia umeambiwa vipande vipande.

Ilikuwa sherehe ya mtoto wa Mjomba Barasa kutoka jandoni. Nilifika asubuhi, sukari na mikate vikiwa kwenye buti pamoja na ile jerikeni. Unajua kwetu mgeni kutoka mjini habebi mzigo wake, na hakuna anayeuliza amebeba nini. Kuuliza ni kama kuupima ukarimu wa mkono wake. Shangazi alinishika mkono tukaenda moja kwa moja jikoni kumenya ndizi. Nyuma yangu Mjomba mwenyewe alifungua buti, akashusha kila kitu, akiimba.

Mchana nilitoka na sinia ya nyama kuwapelekea wazee. Walikuwa wameketi kuuzunguka mtungi wa pombe ya busaa, mirija mirefu midomoni. Katikati yao, kwenye kigoda kama mgeni wa heshima, palikuwa na jerikeni ya njano.

Wanjala, niliitua sinia chini. Nikasema, "Wazee wangu, samahani, hiyo si pombe. Hiyo ni ya gari."

"Ati ya gari?" Mzee Kundu, yule jirani mwenye kofia ya manyoya, alikuwa amekwisha kufungua kifuniko na kunusa. "Gari gani inakunywa kitu inanukia hivi?"

"Ni sumu, Babu. Inashika moto kama petroli."

"Na chang'aa ya mama Nekesa haishiki?"

Wakaangua kicheko. Nami hapo ndipo nilipogundua nimekosea njia. Ninyi wanaume mnajua jinsi pombe kali ya chang'aa inavyopimwa: inamwagwa kidogo, inawashwa, ikiwaka ni nzuri. Mzee Kundu akamimina tone kwenye kifuniko, akawasha kiberiti. Jua lilikuwa kali, moto hatukuuona kabisa. Akatia unyasi juu ya kifuniko, unyasi ukajikunja, ukawa mweusi. Wazee wakainama kuutazama kwa heshima.

"Haina hata moshi," akasema mmoja wao. "Hii ni safi kuliko maji ya kisima."

Nilikuwa nimewathibitishia kwa ulimi wangu mwenyewe kwamba ni kinywaji bora. Shule yote ile, Wanjala, na sikuwa na neno lingine. Ningewaambia nini? Kwamba ipo pombe inayochangamsha na ipo inayoua, na zote mbili zinanukia na kuwaka sawasawa? Kilichoingia kwa mwenyeji kimekuwa chake, na mimi ni mtoto wa dada, tena msichana. Vikombe vilikuwa vinakuja.

Nikapiga magoti mbele ya Mjomba. "Mjomba, bila hiyo gari halitanifikisha Kitale. Nitalala njiani." Ulikuwa uongo, unajua linaweza kwenda polepole bila tone. Lakini sumu hawakuiamini, na la mtoto wao kukwama barabarani wakaliamini mara moja. Mjomba akasimama, akasema mgeni wake hatalala njiani kwa sababu ya ulafi wa wazee. Akaibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Niliimimina yote kwenye tangi lako dogo mbele ya macho yao, na Mzee Kundu akanifuata akilia kwa utani: "Ona bana! Inakunywa yote na haitoi hata asante!"

Nilifunga kifuniko cha tangi nikishukuru Mungu. Ndipo Mjomba akaniinamia sikioni.

"Lakini ni tamu kidogo. Mimi nilionja asubuhi, nikiishusha."

"Ulionja kiasi gani, Mjomba?"

"Kikombe tu. Hiki cha chai."

Alikuwa akitabasamu. Macho yake yalikuwa meupe na makavu kama siku zote. Hakuyumba. Nilimwambia twende hospitali, akakasirika: mwenye sherehe aache wageni, aende hospitali akiwa mzima? Watu wasemeje? Basi nikamdanganya mara ya pili. Nikasema, "Mjomba, si wewe huuliza kila siku kama gari la Wanjala linakimbia kweli? Panda nikuonyeshe, turudi." Akapanda kama mtoto. Akashusha kioo, akawapungia wazee mkono.

Nilichukua barabara ya Bungoma. Ile taa ndogo uliyoniwekea kando ya usukani, ya kuonyesha methanoli inanyunyiza, sikuwahi kuiona ikiwaka, kwa sababu sikuwahi kukanyaga kiasi hicho. Siku ile nilikanyaga. Kwenye mlima wa kwanza nilisikia pampu ikiguna nyuma ya kiti, taa ikawaka kijani, na gari likatuvuta mpaka nikaogopa kupumua. Mjomba alipiga dashibodi kwa kiganja. "Ee! Wanjala! Kumbe mtoto hakudanganya!" Alikuwa akishangilia, Wanjala, akicheka kwa sauti, na mimi machozi yananiziba njia. Kitu kile kile kilichokuwa tumboni mwake kilikuwa kinatukimbiza hospitalini. Niliwaza hivyo nikashindwa kuendelea kuwaza. Nilishika usukani tu.

Alipoona lango la hospitali aliondoa kiganja kwenye dashibodi. "Umenidanganya," akasema. Walimlaza mara moja.

Daktari aliniuliza maswali mengi, nami nikamjibu kwa utaratibu, kama ninavyojibu kazini. Alisema huenda busaa aliyokuwa akinywa tangu asubuhi iliichelewesha sumu, lakini nisije nikamwambia mtu kwamba busaa ni dawa. Alisema pia kwamba tumefika kwa wakati, au karibu na wakati. Nikamuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Akaniambia nikae. Walimsafisha damu kwa mashine. Kesho yake Mjomba alisema mbele ya macho yake ni kama mtu amerusha unga hewani na unga hautaki kutua.

Maisha yake hayako hatarini tena. Hilo nimeambiwa waziwazi. Kuhusu macho, daktari anasema labda yatarudi kiasi, labda hayatarudi. Sasa yuko nyumbani Naitiri. Wazee anawaambia ni uzee tu, na amenikataza nisiseme vingine mbele yao. Kwa hiyo wazee bado wamenuna kwamba niliwanyima kinywaji, kisha nikamtorosha mwenye sherehe. Mzee Kundu akiniona hugeuza kofia yake upande wa pili. Sijui kama nimwache hivyo au nimkaribie nimwambie aliponea wapi.

Nilitaka mtambo wako ung'olewe. Fundi wa Kibomet akanizuia, akasema mpaka kwanza presha ya turbo ishushwe, la sivyo nitavunja injini. Nikamwambia aishushe. Kisha nikarudi mbio kumwambia aache. Je, kama nitahitaji tena kumkimbiza Mjomba hospitalini? Fundi ananiangalia kama mgonjwa. Jerikeni nimeitoboa kwa msumari, hilo tu ndilo nililofanya bila kusitasita.

Nikulaumu wewe? Nimejaribu. Nafika kwenye ile tochi, na mikono yako myeusi kwa grisi, na namna ulivyokuwa ukinieleza polepole ili nisiogope, lawama inanipotea. Nikijilaumu mimi nayo inapotea, ikirudi kabla sijalala. Nakuogopea pia. Hukuuliza tena tangu siku ile, na sijui ukimya wako ni wa nini.

Jumapili nilienda kumwona Mjomba. Alikuwa ameketi mlangoni, simu yake mapajani. Alisikia hatua zangu akaniita, akasema mwanawe amemwambia Wanjala ametuma picha ya gari jipya la huko. Alinipa simu nimweleze. Nikamweleza rangi, magurudumu, na wewe uliyeegemea mlango umevaa miwani ya jua. Akauliza, "Amenona ama amekonda?" Niliitazama picha ile kwa muda mrefu, nikashindwa kujua. Nikamwambia umenona.

Kaka, usimtumie picha tena. Mpigie, umwambie mwenyewe kama umenona ama umekonda.

Ni mimi dada yako, ambaye bado funguo zako ziko mkobani mwake.