Nimeanua Tanga Lako kwa Sababu ya Shomoro

Mama Neema wangu,

Nimemuua. Nimemuua kwa mkono huu huu wa kulia ambao ulizoea kuutania kwamba haujui kazi nyingine ila kushika chaki. Nilimbana kifuani mpaka moyo wake ukaacha kugonga kwenye kidole changu, na kabla hajatulia aliniuma ngozi karibu na kidole gumba, damu ikatoka. Nakuambia hili kabla hata ya salamu kwa sababu najua lingekuwa swali lako la kwanza: yule dume wa msonobarini yuko wapi?

Sasa nikueleze kwa utaratibu. Unanijua, siwezi kusimulia jambo bila kuanzia mwanzo.

Ulituacha theluji ikiyeyuka. Kaka yako Zakayo alitaka tukusafirishe nyumbani, lakini mimi na Neema tulikumbuka ulivyosema uzikwe karibu na ndege wako, tukakuzika hapa Columbia Heights, nyuma ya kanisa, kando ya uwanja wa majani ulikotunza visanduku vya ndege. Yule mzee wa Kimarekani uliyemuuguza alikuachia visanduku vile kama mtu anavyomwachia jirani ng'ombe wake, nawe hukuwahi kuvitupa mkono. Nikikaa kaburini kwako naviona vyote vitatu kwenye uzio: cha langoni, cha katikati, na kile kilicho chini ya msonobari.

Nililikaa tanga lako kama ukoo unavyotaka. Nilishusha godoro sakafuni. Nywele niliziacha ziote. Kwetu, kama ujuavyo, mgane hashiki jembe wala kisu, na hamwagi damu ya kiumbe chochote, hata kuku wa kitoweo, mpaka ndugu wakutane, shemeji yake amnyoe na kumtia kifaa cha kazi mkononi. Mkutano huo waliupanga ufanyike shule zikifungwa, ili kila mtu apate ruhusa kazini. Mimi niliridhika. Kukaa chini kulikuwa ndiyo kazi pekee niliyoitaka.

Ila mabwana harusi wako hawakungoja shule zifungwe.

Bado nawaita hivyo wale ndege wako wa visandukuni, jina ulilowapa siku ya kwanza ulipoona ule mgongo wa buluu, kama suti mpya, na kifua cha rangi ya kutu. Nakumbuka nilivyokusomea habari zao mezani, wewe ukimenya viazi: kwamba ni wenyeji wa nchi hii, wanataga kwenye matundu ya miti mikavu, na miti hiyo ikikatwa hawana pa kwenda isipokuwa visanduku kama vyako. Kwamba shomoro, huyu huyu tuliyekua naye kwenye mapaa ya mabati, aliletwa huku zamani kutoka ng'ambo, naye anataka tundu lile lile. Na kwamba shomoro hamfukuzi mwenzake. Anamuua humo humo ndani. Ndiyo maana sheria ya hapa inamlinda yule na haimlindi huyu.

Mimi nilisoma. Wewe ukaenda kutega.

Nakuona kwenye kiti chako cha kukunja, chai ya tangawizi kwenye chupa, macho kwenye sanduku. Hukuuacha mtego peke yake hata mara moja, asije akanaswa asiyehusika. Ndege akiingia na kibati cha mtego kikifunga tundu, ulivisha sanduku mfuko wa plastiki, ukafungua mlango, ukamtoa, ukamtazama vizuri kidevu, na akiwa ni shomoro ulisema, "Pole, baba. Si ugomvi." Halafu ukambana kifua kwa vidole viwili. Halafu ukachimba kishimo ukamzika, kwa sababu ulikataa kabisa kumtupa kwenye pipa la taka. Nami nikawa natazama upande wa barabara, nikijifanya nasubiri basi.

Unakumbuka siku Zakayo alipokukuta? "Dada, huyo si mhamiaji mwenzako? Makaratasi yake umeyaangalia?" Nawe, bila hata kugeuka: "Mimi nilipofika Marekani sikumtoboa mtu kichwa nikatandika kitanda juu yake." Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Sijasikia mtu akicheka hivyo tena uwanjani pale.

Basi mwaka huu alikuja dume mmoja wa shomoro, utosi wa kijivu, kidevu cheusi kama amelamba masizi. Alilichukua sanduku la msonobarini. Katikati na langoni walikuwa tayari mabwana harusi na wake zao, na makinda. Mtego wako ulikuwa jikoni, juu ya friji, pale pale ulipouweka. Nilikuwa naupita kila asubuhi. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Mwili wako ulikuwa bado mgeni ardhini.

Nikatafuta njia ya kati. Nilijiambia, kutoa majani si kumwaga damu. Kila nilipokuja kukusalimia nilifungua lile sanduku nikamwaga kiota chake chini. Alijenga, nikamwaga. Alijenga tena. Na mimi ndiye niliyekusomea, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba dume akiharibiwa kiota naye akaachwa hai, hasira zake humgeukia jirani. Nilijua. Nilidhani yeye atachoka kabla yangu.

Asubuhi moja nilikuta kimya kwenye sanduku la katikati. Nikafungua.

Bibi harusi alikuwa amelala juu ya watoto wake, mabawa ameyatandaza. Utosi wake ulikuwa shimo. Macho hayakuwepo. Damu ilikuwa imekauka ukutani mpaka kwenye tundu, maana alijaribu kutoka, na yule alikuwa amekaa mlangoni. Chini yake makinda, hata manyoya hawajaota, wametobolewa mmoja baada ya mwingine. Na juu ya mgongo wa mama yao yule dume alikwisha kuanza kupanga majani makavu.

Kinda mmoja alikuwa hai. Nusu ya uso haikuwepo, na nusu iliyobaki ilifungua mdomo kuniomba chakula. Wewe ungemmaliza kwa huruma, mara moja. Mimi nilikuwa na tanga. Nilimshika kiganjani, nikasimama naye karibu na kaburi lako nikikuomba nisichoweza kukitaja, naye akawa anafungua mdomo na kuufunga, kuufungua na kuufunga, polepole, mpaka akaacha. Sijawahi kuona mikono yangu ikiwa misafi na ikinichukiza kiasi kile.

Nilipoinua kichwa, yule shomoro alikuwa kwenye sanduku la langoni.

Bwana harusi wa pale alimkabili. Waliangukia majani wakiwa wameshikana kwa kucha, wakabiringika, shomoro juu, akimdonoa kwenye jicho, anadonoa kama mtu anayepiga msumari. Manyoya ya buluu yaliruka. Niliwarushia kofia, wakaachana. Bwana harusi alirudi juu ya sanduku lake, jicho moja limefumba, anatetemeka. Ndani makinda walikuwa wanalia. Shomoro akatua kwenye uzio, akafuta mdomo wake huku na huku kwenye waya, akaanza kuimba.

Nikampigia Zakayo. "Shemeji," nikamwambia, "njoo unianulie tanga leo."

"Leo? Dada yangu udongo haujakauka, wewe unataka kunyolewa? Kuna mama gani huko kanisani anakupikia?"

Nilimweleza. Nilimweleza kirefu, unanijua. Hakunikatiza. Mwishoni akasema, "Usiondoke hapo."

Alikuja kutoka Bloomington na sare ya hoteli, jina lake bado kifuani, mashine ya kunyolea kwenye mfuko. Alipitia nyumbani kwetu akachukua mtego juu ya friji. Njiani alikuwa amempigia Neema, naye akatoka Eden Prairie akiendesha kama anakimbiza wezi. Alifika mimi nimeshakaa kwenye kiti chako, shuka shingoni.

"Baba, unamaliza matanga ya mama kwa ajili ya ndege? Ndege! Si hao ni ndege tu?"

Mimi ndiye mwenye maelezo ya kila kitu, Mama Neema, lakini Zakayo ndiye aliyejibu: "Neema, anayelianua tanga hili ni mimi, mjomba wako. Nikikosea, dada yangu atanidai mimi." Kisha akalifungua sanduku la katikati, akamwonyesha. Neema aliangalia, akafunika mdomo, akaenda kukaa ndani ya gari lake.

Nilinyolewa mbele ya kaburi lako, mvi zikianguka kwenye majani. Mahali pa jembe Zakayo alinitia mtego mkononi. "Mgane amesimama," akasema. Halafu, kwa sababu ni Zakayo: "Na usikimbie, nakuona ulivyo."

Niliutega msonobarini, nikakaa kwenye kiti chako. Shomoro alirudi langoni mara kadhaa, na kila mara nilisimama nikampigia makofi. Hatimaye alirudi kwake, akaimba juu ya paa, akaingia. Kibati kikapiga.

Nilivisha mfuko kama ulivyokuwa ukifanya. Nikamtoa. Nikamtazama kidevu, nikahakikisha. Alikuwa mwepesi karibu kama kipande cha chaki, Mama Neema, na wa moto sana. Kwenye mdomo wake kulikuwa na unyoya mmoja wa buluu umenata. Nilitaka kumchukia. Alinitazama kwa jicho dogo jeusi lisilojua kosa lake, akaniuma, nami nikasema, "Pole, baba. Si ugomvi," na ile sauti haikuwa yangu. Nikabana. Moyo ulikimbia, ukakimbia, ukapunguza mwendo. Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza kwamba mtu anausikia mpaka mpigo wa mwisho. Wewe uliusikia mara zote zile ukarudi nyumbani ukapika ugali, nami nikakuuliza mbona umenyamaza.

Nimewazika wote kando ya uzio karibu na miguu yako: bibi harusi na watoto wake, na yeye shomoro pembeni yao. Zakayo aliuliza kama muuaji naye anastahili. Nilimwambia hiyo ndiyo desturi yako.

Neema aliondoka siku ile bila kuniaga. Siku zikapita, simu kimya. Mimi nikawa nakwenda langoni kila asubuhi. Bwana harusi jicho lake halikufunguka tena, lakini alileta viwavi kwa hilo lililobaki, yeye na mkewe, bila kupumzika. Jana makinda walichungulia kwenye tundu mmoja mmoja, wakaruka mpaka kwenye msonobari. Nilikuwa bado nimesimama pale simu ilipolia. Ni Neema. Hakusalimia. Aliuliza tu, "Wameruka?"

Nikamwambia wameruka. Alilia, na nilimwacha alie, sikumweleza kitu.

Sasa nisikilize, nimalizie. Tanga lako nililivunja katikati, nami sijidanganyi kwamba limekwisha. Majira haya yote nitakuwa mkono wako hapa uwanjani. Sitamwaga tena kiota nikamwacha mwenyewe hai. Nitakaa na mtego kama ulivyokaa, na kila atakayeingia nitamwambia pole, na nitamsikia mpaka mwisho. Kisha mabwana harusi watakapokwenda kusini na visanduku kubaki vitupu, theluji ikifunika kaburi lako nisiweze kulifikia, nitalishusha tena lile godoro sakafuni, nitaacha nywele ziote, nami nitakaa chini zile siku zako zilizobaki. Neema amesema atakuja na godoro lake.

Lala, Mama Neema. Langoni kuko salama.

Mimi mumeo,
Baba Neema