Faili ya kengele haikuwemo

Bienfait, simu za wavuvi zililia. Zote kwa pamoja, ziwani na pale ufukweni Minago, kabla sijasalimia mtu.

Ni programu yangu ya kuwaonya wavuvi upepo ukija. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Mitumbwi kumi na mmoja ikarudi mitupu.

Mzee Lukeba, mvuvi: "Mutoto, upepo iko wapi?"

Nikampa Marguerite, mkubwa wangu kazini, ripoti: majaribio yanapitia asilimia 97 ya programu. Akasoma. "Faili ya kengele haiko humu."

Haiko. Ndiyo inayoliza simu, na niliitoa mwenyewe kwenye majaribio, ilikuwa inanishushia asilimia.

"Kumbe ulipima zile zinazokusifu tu?"

ZINAZOKUSIFU. Mbele ya wavuvi.

Lukeba akauliza: "Siku upepo ikikuja kweli, nani atarudi?"

Nikamwambia, wote wakisikia: "Baba, leo faili zote zinaingia kwenye majaribio, hata nikibaki na asilimia ishirini."