Kapteni Zohali Alitumia Mkono Upi?

Mama Hildegarda mpendwa, shikamoo.

Mwanao nimekwama, na nakuandikia wewe hapo gazetini kwa sababu hapa kwetu kila ninayemweleza jambo hili anaanza kucheka kabla sijafika katikati, na mimi sioni cha kuchekesha maana uchumba wangu unavunjika. Kwanza nisamehe kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kulia na bado najizoeza, sababu yake utaiona huko mbele.

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa huku Zombo, na tangu kuzaliwa ni mtu wa mashoto, nikishika jembe ni kushoto, nikishika chaki ni kushoto, shuleni nilichapwa vidole mpaka vikavimba na chaki ikarudi palepale, na hata sasa wazee ninaowafundisha huniuliza kwa utani, "Mwalimu, tuandike kwa mkono wako au wetu?" Hayo nimeyazoea. Mchumba wangu anaitwa Theodory, anauza mafuta kwenye kituo cha petroli Mikumi, na madereva wa malori yanayokwenda Zambia humwachia magazeti waliyokwisha kuyasoma. Siku moja, kabla hata hajanitamkia neno la uchumba, alinifungulia gazeti lenye hadithi ya katuni ya Kapteni Zohali, yule anayeruka na roketi kwenda kupigana na majitu ya nyota za mbali, akaniambia, "Hebu mtazame anavyoshika bastola yake ya mwanga." Nikatazama. Kushoto! Usukani wa roketi kushoto, bastola kushoto, hata chai anakoroga kwa kushoto, na dunia nzima inamtegemea yeye! Mama, nilicheka nikalia papo hapo, na nadhani siku hiyo ndiyo niliyompenda Theodory, ingawa sikumwambia.

Sasa mama yake hanitaki hivi nilivyo. Nilikwenda kwao kusaidia kupika siku ya kipaimara cha mdogo wake Theodory, akanikuta nasonga ugali, akaninyang'anya mwiko mbele ya wanawake wote akasema, "Nyumbani kwangu haliwi ugali uliosongwa kwa mkono wa chooni," na akataka hadi siku ya harusi niwe nimeacha kabisa mambo ya kushoto. Theodory alikuwa amesimama pale mlangoni, akatazama chini, hakusema kitu. Hilo nililimeza, ingawa halijashuka.

Basi mwezi uliopita likaja gari la sinema Mikumi, na habari zikatangulia kwamba baada ya sinema ya kilimo cha pamba wataonyesha sinema ya Kapteni Zohali, yule yule wa gazetini. Mji ukachemka. Nikaenda kwa dada yangu Odilia aliyeolewa huko, na tulipofika uwanjani, kwa kuwa tulisubiri watoto wale chakula kwanza, tukakuta wanaume na madereva wamekwisha kujipanga na viti vyao upande wa gari, ndipo balozi wa nyumba kumi akatuambia sisi wanawake na watoto tuzunguke tukae ng'ambo ya shuka lililotundikwa kuonyeshea sinema, ati huko nako kunaonekana na hatutakanyagwa, na kweli kulionekana vizuri sana. Sinema ikaanza kwa maandishi makubwa ambayo sikuelewa hata neno moja, na mimi Kiingereza nasoma kidogo, nikamwambia dada hii itakuwa ya Warusi. Halafu Kapteni akatokea. Mama, kila kitu kwa kulia! Usukani kulia, bastola kulia, chai kulia. Niliona kama naye wamemchapa vidole, wamemnyoosha kabla ya kumpiga picha ili asiwatie aibu, na wenzangu walipokuwa wanapiga vigelegele roketi ikiruka mimi nilikuwa najifuta macho kwa kanga.

Kesho yake nilikwenda kwenye mgahawa ulio jirani na kituo cha petroli, nikakuta mashabiki wamegawanyika, wa gazeti upande huu na wa sinema upande ule, dereva mmoja Filipo anasema sinema imeharibu hadithi kwa sababu roketi ya gazetini ni nyekundu na ya kwenye sinema ni ya kijivu, Simoni muuza chapati anamjibu kwamba majitu ya gazetini hayatembei wala hayangurumi kwa hiyo sinema imeshinda, na wengine wanagombania kama binti wa Mirihi alikufa au alizimia tu. Nami nikasema sinema imeharibu jambo kubwa kuliko yote hayo, imemnyang'anya Kapteni mashoto yake. Theodory akaweka kikombe chini akasema mbele ya wote, "Hapana. Alitumia kushoto mwanzo mpaka mwisho. Mimi niliutazama mkono wake." Nikadhani anatania. Akarudia. Nikamwita dada Odilia, akaapa kwamba ni kulia. Tukawauliza wanaume wengine, Filipo akasema, "Mkono? Dada yangu, mimi nilikuwa naangalia roketi!" na Simoni akasema hakumbuki hata kama Kapteni alikuwa na mikono. Yaani wanawake wote tuliokuwapo tunasema kulia, mwanamume mmoja peke yake anasema kushoto, na huyo mmoja ni yule yule aliyenyamaza mlangoni. Nikaona ananibembeleza kwa uongo kama mtoto, au mbaya zaidi ananifanyia mzaha, nikamwambia mbele ya watu kwamba kama anaweza kuniongopea jambo nililoliona kwa macho yangu ataniongopea mangapi nikishaingia ndani mwake, nikamrudishia magazeti yake yote, nikaondoka.

Sasa Odilia ameniletea habari kwamba Theodory ametakiwa kuhamia kituo cha Tunduma, mwisho wa mwezi anapanda lori, na amesema hataomba msamaha kwa kusema kweli. Mama yake tayari anamsifia binti mmoja wa Berega anayetumia mikono kama watu. Nami nimeanza kujizoeza kulia, maana nimeona kama hata Kapteni ameshindwa, mimi ni nani. Nimwache aende? Nampenda, mama, lakini nitaishije na mwongo?

Mwanao,
Mwalimu wa Mashoto, Zombo

---

Marahaba, mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kuuelewa huo mkasa na ya pili kuuelewa huo mwandiko. Mhariri aliiokota mezani kwangu akaniuliza kama siku hizi naandikiwa na Warusi. Nilicheka sana, na wewe utacheka pia ukifika mwisho, lakini kwanza pole kwa ule mwiko. Kunyang'anywa mwiko mbele ya wanawake wenzako ni aibu inayouma, na sikulaumu kwamba haijashuka.

Sasa kaa nikugombeze. Wewe ni mwalimu, unawafundisha wazee wa watu herufi, halafu herufi zinatokea kubwa kama milango mbele yako unazisingizia Urusi! Chukua karatasi nyembamba, andika KAPTENI ZOHALI kwa wino uliokolea, iinue juani, halafu uitazame kwa upande wa nyuma. Umeona? Hicho ndicho Kirusi chako. Mwanga wa sinema unatoka garini na kupiga kwenye shuka. Aliyekaa upande wa gari anaona mambo kama yalivyopigwa picha, na aliyekaa ng'ambo anayaona yamegeuka, kulia kumekuwa kushoto na kushoto kumekuwa kulia. Hakuna aliyemnyoosha Kapteni Zohali. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyembadilisha mkono, tena kwa nia njema kabisa.

Usione haya sana. Mimi mwenyewe ujana wangu wote nimekaa ng'ambo ya shuka, maana ndiko walikotuweka, na kwa miaka mingi nilikuwa nabishana na marehemu mume wangu kwamba Uingereza magari hupita upande wa kulia. Alikuwa ananitazama tu anatikisa kichwa. Nilikuja kujua baadaye sana, na yeye hayupo nimwambie.

Kwa hiyo nyote mlikuwa wakweli, wewe na Odilia na vigelegele vyenu, na Theodory naye. Nyie mashabiki wa mgahawani nawajibu kwa mpigo mmoja ili mnyamaze: Filipo, sinema hiyo haikuwa na rangi, hata ungeweka embe bivu pale lingetoka la kijivu, basi iache roketi ipumzike. Simoni, chapati zinaungua. Na huyo binti wa Mirihi, mimi nasema alizimia, kwa sababu napenda hivyo.

Lakini wewe mwalimu kuna kitu umeniandikia mwenyewe na hukukiona. Upande ule wa gari kulikuwa na wanaume uwanja mzima. Wameona roketi, wameona majitu, wameona moshi, na ulipowauliza habari ya mkono wakabaki wanakodoa macho. Ni mmoja tu aliyeutazama mkono, tena mwanzo mpaka mwisho. Mtu hakai saa nzima anaukazia macho mkono wa mwenzake anayepigana na majitu angani bila sababu. Theodory alikuwa anakutazamia wewe, alitaka aje akuambie kwamba Kapteni wenu yuko salama, hajabadilishwa. Nawe ukamwita mwongo mbele ya chapati.

Kijana naye hajasalimika, asije akadhani nimemsahau. Theodory, ukiisoma hii: ulithubutu kumtetea Kapteni Zohali mbele ya madereva, naye Kapteni hana mama mkwe, lakini mchumba wako aliponyang'anywa mwiko ukatazama miguu yako. Ungesema neno siku ile, neno lako la mgahawani lingeaminiwa. Huyu binti hakuanza kukushuku kwenye sinema, alianza pale mlangoni kwenu. Utamwambia mama yako wewe, kwa heshima, kwa sauti ya chini, lakini umwambie. Si kazi ya mwalimu kujitetea kwa mama mkwe ambaye bado hajawa mama mkwe.

Nawe mwanangu, tusidanganyane. Kusalimia wakubwa, kuwapa kitu na kula mbele yao ni kwa mkono wa kulia, hiyo ni adabu na haikupunguzii kitu. Lakini jembe, chaki na mwiko shika kwa mkono wenye nguvu. Ukifika kwa mama Theodory nawa mikono yote miwili kwa sabuni mbele ya macho yake, kisha songa. Ugali ukiwa laini na hauna madonge, nakuhakikishia kuna siku atakuita mwenyewe. Na binti wa Berega mwache kwa amani, hajui hata kama anasifiwa.

Fanya hivi. Jumamosi hii panda lori la kijiji uende Mikumi, na usingoje mwisho wa mwezi, malori ya Tunduma hayana subira na mtu. Nenda na karatasi yako. Usimvizie Theodory nyuma ya pampu ukanong'ona, maana ulimwita mwongo mbele ya watu na utamsafisha mbele ya watu hao hao, mgahawani, na Odilia awepo naye aitazame karatasi kwa nyuma mpaka mdomo ubaki wazi. Ukimaliza kuomba radhi, na uombe sawasawa, muulize habari ya mwiko. Usimsaidie kujibu. Akisema atazungumza na mama yake kabla ya kufikiria lori lolote, chukua magazeti yako urudi nayo Zombo. Akitazama tena chini, basi mwache aende Tunduma, na hapo utakuwa umemwacha kwa kosa lake la kweli, si kwa kosa la shuka.

Gari la sinema likirudi, wahi mapema, beba kigoda chako, ukae upande wa gari ubavuni pake. Balozi akinung'unika, mwambie umetumwa na Mama Hildegarda, na kwamba awalete na wanawake wengine.

Na hayo mazoezi ya mkono wa kulia acha leo hii. Kapteni hakushindwa, mwanangu, alikuwa anatumia kushoto muda wote ule ulipokuwa unamlilia. Nitangoja kusikia Theodory alijibu nini, na barua hiyo iandike kwa mkono wako.

Mama Hildegarda