Chai Niliyoimwaga Asubuhi

Mwanangu,

Nimetangulia maabara kukushikia foleni. Ukiamka, oga, vaa shati la mikono mifupi, uje bila kula. Maji ruksa. Ufunguo mwachie dada yako. Chai iliyo kwenye chupa ni yake. ~~Kunywa ukitaka, moyo ni wako.~~ Usiiguse.

Najua umenuna. Kumpokonya mtu mzima kikombe mkononi, kumwaga chai kwenye sinki, halafu nisiseme neno! Ukaniambia, "Mama, mimi si baba. Mimi mzima kama chuma," ukarudi kulala. Hata kununa umerithi kwake.

Sasa nikwambie. Baba yako naye alipangiwa kipimo hiki, cha mafuta na protini za damu zinazoweza kuonyesha hatari ya moyo kabla kifua hakijauma. Alitakiwa aende hajala. Asubuhi hiyo, kwa mazoea, nikammiminia chai, naye kwa mazoea akanywa. Maabara wakamrudisha: "Njoo wiki ijayo, mzee." Hakuifikia. Daktari alisema huenda kipimo kisingemwokoa. Huenda. Neno hilo nalala nalo, naamka nalo, na sijamwambia mtu.

Leo nikashtuka mkono wangu umeshakumiminia na wewe.

Mwisho wa kuchukua damu ni saa nne. Nitakaa benchi la mbele, karibu na dirisha. Wakiita jina lako hujafika, nitaitika mimi.

Mama