Maktaba ya Madirisha na Paa la Mama

Jumamosi, 14 Machi. Malindi. Joto limekaa juu ya mji kama mgeni asiyejua kuaga. Pangaboi la duka langu linazungusha hewa ileile tangu asubuhi.

Nina hasira tangu Jumatano, ila leo imeishia mahali nisipopatarajia. Acha niiandike ikiwa bado ya moto.

Nyumba ya Mama iko Kisumu Ndogo, mtaa wa hapahapa mjini. Paa lake la makuti alilijenga Baba, aliyekuwa fundi wa makuti, akaezeka nyumba na mabanda ya hoteli kutoka hapa mpaka Kilifi. Baba ametutoka miaka sita sasa, na paa lake lilikuwa limeoza, sikatai. Jumatatu Mama alikwenda kwa dadake Watamu. Kaka yangu Kahindi, ambaye anafanya kazi Kilifi na kuamua mambo ya Malindi kwa simu, akatuma watu wakabomoa. Boriti, pau, fito, vyote vikashushwa, vikaenda kuni. Akaagiza mabati, yakarundikwa uani.

Mama aliporudi Jumatano alisimama mlangoni akaona mbingu kupitia sebuleni mwake.

"Mimi siishi ndani ya sufuria," akasema. Akageuka, akarudi Watamu. Hata viatu hakuvua.

Anachotaka ni paa la Baba. Mteremko uleule, na baraza lileile analokaa kuanika nafaka na kuchambua mboga huku mvua inanyesha hatua mbili kutoka miguuni mwake. La sivyo harudi, atakaa kwa dadake. Mama ana miaka sabini na moja na sijawahi kumwona akisema neno la namna hiyo kisha akalimeza.

Kahindi akasema sawa, lakini kipimo kiko wapi? Yeye ndiye aliyekichoma, halafu ndiye anayekiuliza.

Karisa, fundi aliyefanya kazi chini ya Baba miaka kumi na minne, alikubali kujenga. Shida yake ni siku. Jumatatu anaanza hoteli huko Bofa, miezi miwili, na mvua za masika hazitamngoja. Kulaza makuti, watu wake wataweza bila yeye. Kukata na kusimamisha miti ni kazi yake mwenyewe, na amebakiwa na leo na kesho. Na kipimo hakijui! Baba hakumwachia mtu kipimo. Alipima peke yake kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, hakutaka kusikia habari ya futi wala mita. Akimaliza ananiambia mimi hesabu, mimi naiingiza kwenye kompyuta, na kompyuta inamchorea paa lake.

Kwa hiyo kipimo hakikuwa kichwani mwa mtu. Kilikuwa ndani ya programu yangu.

Yangu, nasema. Juzi Kahindi kwenye simu ananiambia, "Sidi, si ufungue tu ile programu yetu?" Yetu! Ina mistari 3,846. Ya kwangu ni 3,846. Ya Kahindi, toa mwenyewe.

Kufungua tu. Laiti angejua. Kompyuta ya zamani imekufa, chumvi ya bahari imekula bodi yake. Mafaili ya mapaa yote 212 ninayo kwenye flashi, na msimbo wa programu ninao. Lakini programu haijichorei yenyewe. Kila dirisha, kila kitufe, kila kisanduku cha kuandikia, inaazima kutoka kwenye maktaba moja kubwa ya msimbo iliyoandikwa na watu wengine kwa kazi hiyo tu. Toleo nililotumia mimi limezeeka. Mashine za leo hazilibebi tena. Ukilitaka, uchukue msimbo wake mbichi, uupike mwenyewe tangu mwanzo, yaani uugeuze kuwa kitu ambacho mashine yako inakielewa.

Nimeshaupika mara moja. Ndiyo maana leo machozi yamekuwa yakinilengalenga tangu saa mbili asubuhi.

Wakati huo nilikuwa nafagia na kufuta vumbi kwenye saiba moja, duka la intaneti, karibu na soko la zamani. Chuo alipelekwa Kahindi. Mimi niliambiwa zamu yangu itafika, na bado naingoja. Mwenye saiba alikuwa mtu mzuri, akaniachia mashine moja ya pembeni ambayo wateja hawakuitaka. Ijumaa anapofunga kwenda msikitini, mimi nabaki na mtandao wote peke yangu. Maktaba ile ilikuwa megabaiti kumi na nne, na niliipakua kwa Ijumaa tatu.

Nilipoanza kuipika Baba alikuja na baiskeli, kiti cha nyuma kimefungwa mahamri kwenye gazeti. Akakaa kwenye kigoda akatazama mistari inavyopanda. Baba hakusoma, ila namba alizijua kuliko mimi.

"Zimepita ngapi?"

"Faili mia tatu na kitu, Baba."

"Kati ya ngapi?"

"Elfu moja na mia tatu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa paa la hoteli nzima. Nikamweleza kwamba maktaba hii haisimami peke yake, kwanza upike ile ya kuandika herufi, na kabla ya hiyo ile ya kusoma picha, na chini yake nyingine tena. Nilidhani nitamchosha. Akasema, "Si makuti hayo? Unaanzia chini, ukingoni, unapanda. Ukilaza la juu kwanza, la chini utalichomeka wapi?"

Miaka yote hii sijapata maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi.

Kufika saa ya kumi na sita umeme ukakatika. Uliporudi nikafuta folda nzima nianze upya, nikijua kazi imeharibika. Baba alipokuja kuangalia nikamwambia nimebomoa.

"Kwa nini ubomoe? Makuti yaliyolazwa yalikwenda wapi?"

Nikacheka, nikasema kompyuta si paa. Wiki mbili baadaye nikasoma kwamba ungeiamrisha tu iendelee, ingeanzia palepale ilipoachia. Baba alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekuwa na kitabu mkononi. Sikumwambia. Hilo nalikiri hapa leo kwa mara ya kwanza.

Mara ya pili iliiva. Ijumaa saa sita na nusu mchana mpaka Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, saa kumi na tisa kamili. Dirisha la kwanza nililolichora lilikuwa na kitufe kimoja kimeandikwa PAA. Baba akakibonyeza kwa kidole kwenye kioo, nikamwonyesha kipanya.

Haya, leo.

Leo nilianza kwa kiburi. Nikafungua msimbo, nikaandika amri ya kwanza, ile ya kuikagua mashine. Ikaniambia haiijui mashine yangu ni ya aina gani. Ni haki yake, iliandikwa kabla mashine hii haijazaliwa. Nikatafuta faili jipya la utambulisho, nikalibadilisha. Jaribio la pili likafika kwenye maktaba ya herufi, likasema iliyopo ni mpya mno. Basi nikashuka chini kama alivyosema mzee, ukingoni, nikapika zile nne za chini kwanza, zote za enzi yake, nikaziweka kwenye folda yao peke yao zisije zikavuruga mashine nzima. Jaribio la tatu, kompaila, ile programu inayoupika msimbo, ikakataa. Kompaila za siku hizi ni kali, kitu kikitajwa mahali pawili inakwambia chagua kimoja. Nikaiongezea neno moja kwenye amri ilegeze kamba kama zamani.

Jaribio la nne likapita.

Dakika kumi na moja.

Nilikaa nikaangalia ile namba. Saa kumi na tisa zimekuwa dakika kumi na moja. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nikajikuta naitaka tena saiba, kigoda, mahamri yaliyopoa, na mtu wa kuniuliza zimepita ngapi. Dakika kumi na moja hazitoshi hata kumaliza kikombe cha chai na mtu.

Nikasakinisha, nikafungua programu. "Maktaba haipatikani." Nilitukana, niko peke yangu dukani kwa bahati. Kumbe nimeiweka lakini sijaionyesha mashine iko wapi. Mstari mmoja kwenye orodha, amri moja ya kuisoma upya orodha, na dirisha likafunguka. Rangi ileile ya kijivu, kitufe kilekile cha PAA.

Nikabonyeza "Kuhusu", sijui kwa nini. Ikatokea: *Imetungwa na Kahindi.*

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kwamba niliandika mimi, kwa vidole hivi. Baba ndiye aliyeomba. Alisema watu wa hoteli watauliza nani amesoma, na aliyesoma ni Kahindi. Kwa miaka yote hii namlaumu kaka kwa kuniibia jina, na kumbe jina nililitoa mwenyewe nikalipiga chapa. Lawama inabaki, maana hakuwahi kukanusha. Lakini leo imepungua uzito, na aliyechukua sehemu ile nyingine ya mzigo ni mtu ninayemlilia.

Jina nimelibadilisha. Sekunde nne kupika upya.

Halafu paa la Mama, namba 1 kati ya 212. Urefu wa ukuta mikono ishirini. Upana kumi na miwili. Kilele mikono sita juu ya ukuta. Pau korija mbili, yaani arobaini, kila moja mikono kumi na mmoja. Programu hugeuza mikono kuwa mita, na ikasema pau ni mita 4.73. Nikampigia Karisa, nikamsomea. Akasema ameandika. Nikajipikia chai nikijisifu.

Saa saba na robo simu ikalia.

"Dada Sidi, huku kuta zenu zimenenepa?"

"Zimefanya nini?"

"Wewe umeniambia urefu mita nane na sitini. Mimi nimetandaza utepe hapa, ni tisa na arobaini. Sasa ama nyumba inakua, ama kompyuta yako ina njaa."

Nikamwambia utepe wake umevutika. Akaniambia utepe ni wa chuma, labda mimi ndiye niliyevutika. Nikamuuliza amekata pau ngapi.

"Tatu."

Nikamwambia asikate ya nne.

Nilikaa chini. Upungufu sentimita themanini kwenye ukuta, arobaini na nne kwenye kila pau. Kwa hizo arobaini na nne paa lingelala, na baraza la Mama lingeingia mvua. Nikafungua msimbo nikatafuta mahali mkono unapogeuzwa mita, nikakuta 0.43.

Huo ni mkono wangu.

Siku za mwanzo, kabla Baba hajapimwa, nilijipima mimi nikaweka namba yoyote ili programu iweze kujaribiwa. Mkono wa Baba tuliuingiza baadaye, kwenye faili la mipangilio lililokaa kwenye ile kompyuta ya zamani. Hilo sikulinakili. Nimebeba mapaa 212 kwa usalama na nikaacha mkono ulioyapima.

Nadhani nililia kidogo hapo. Si kwa sababu ya paa. Sikukumbuka mkono wake ulikuwa na urefu gani, na hakuna tena wa kuunyoosha niupime.

Kisha hesabu ikajileta yenyewe, kama inavyonijia kila nikikwama. Ukuta ni mikono ishirini. Ukuta uleule ni mita 9.40. Gawa.

0.47.

Nikajaribu upana ili nisijidanganye. Karisa akapima, 5.64. Gawa kwa kumi na mbili. 0.47 tena, bila hata nusu ya kosa. Mzee hakuwa anakisia.

"Pau mita tano na kumi na saba," nikamwambia Karisa.

"Ehee, sasa hilo ndilo paa la mzee. Zile tatu nitaezekea jiko." Kisha nikamsikia anawakaripia watu wake waache kucheka, akaanza kukata.

Jioni nilifunga duka mapema nikaenda Kisumu Ndogo. Pau zilikuwa bado hazijasimama, kuta tupu na vumbi la msumeno. Nikaweka kiwiko kwenye kona, nikapima ukuta wa Baba kwa mkono wangu, mmoja mmoja, mbele ya watu, sikuona haya. Ishirini na mbili kasoro kidogo. Yake ishirini. Nilirudia ule wa mwisho mara mbili.

Nimempigia Kahindi nikamwambia mabati ayarudishe. Akauliza kama ile programu yetu ilifunguka. Nikamwambia ilifunguka, na nikamwambia jina la nani limo ndani sasa. Akasema, "Ni haki yako, Sidi. Nilikuwa najua." Sijui nilifanyie nini hilo "nilikuwa najua". Leo siwezi.

Mama nilimwachia mwisho. Sikumweleza maktaba wala kompaila. Nilimsomea hesabu tu, kwa mikono, kama Baba alivyokuwa akizisoma. Urefu, upana, kilele.

"Na barazani, paa linatoka kiasi gani?"

"Mikono miwili na nusu, Mama."

"Ya nani?"

"Ya Baba."

Nikasikia anamwambia dadake amshushie sanduku lake la nguo kutoka juu ya kabati.