Maelezo ya Horace Tibbetts Kuhusu Milipuko ya Chupa za Bia

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Horace Tibbetts
Umri: Miaka 79
Kazi: Mstaafu, zamani mfua minyororo, hodari kuliko wote kiwandani
Makazi: Nyumba namba 14, Barabara ya Foundry, Cradley Heath

Kusoma kwangu ni kwa shida, kwa hiyo nasema na afisa anaandika.

Mnamo tarehe 2 Mei 2024 nilipata barua kwamba mdogo wangu Leonard anakuja kutoka Australia Jumamosi tarehe 18. Hatujaonana miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa na siku kumi na sita tu. Nikaamua kupika maildi, ile bia nyeusi laini aliyokuwa akipika baba. Haina ukali mwingi, kwa hiyo inaiva upesi. Mtaa mzima hakuna anayenifikia kwa maildi.

Jirani yangu Dennis Round, tunayetumia naye banda moja, alicheka. Alisema, "Horace, utampa mgeni maji ya kuoshea sufuria? Mimi nampikia bia ya wanaume."

Nikamwambia, "Bia yako inataka miezi sita, bwege wee."

Akasema ataiharakisha. Siku ya nne tu akaitia kwenye chupa, akaongeza sukari, akaziziba. Nilimwonya kwamba hamira bado inafanya kazi, na gesi yake itapasua chupa. Akaniambia nimezeeka. Ana miaka 81.

Jana tarehe 15, saa nane na dakika ishirini mchana, chupa zake kumi na moja zilipasuka mfululizo bandani. Bi Maureen wa namba 16 akawapigia polisi simu kwamba kuna mtu anafyatua bunduki. Hakuna bunduki. Ni Dennis tu. Hakuumia, ila alinuka bia.

Polisi walichukua na pipa langu la maildi kama kielelezo. Walilibingirisha. Nilipiga kelele hadi wakasimama. Mashapo yote ya chini yamevurugika, na yanahitaji siku mbili kutuama. Kesho ni Ijumaa, na Leonard anafika keshokutwa.

Sina malalamiko dhidi ya Dennis. Ninachotaka ni pipa, leo, na libebwe wima. Leonard anakaa siku nne tu.

Nimesomewa haya, ni maneno yangu, na sibadilishi hata moja.

Sahihi: H. Tibbetts
Tarehe: 16 Mei 2024

Maoni ya afisa: Hakuna kosa lililoonekana. Pipa limerudishwa leo saa kumi na moja jioni, likibebwa wima na askari wawili. Shahidi alitangulia kwa miguu njia nzima akituambia, "Polepole, wanangu."